Msitu Wenye Wenyewe: Utangulizi wa Somo la Misitu ya Mila katika Tarime na Serengeti

Somo ninalokufungulia hapa halidai maabara wala darubini. Linadai miguu ya kutembea, masikio ya kuwasikiliza wazee, na subira.

Ukishika barabara ya Tarime kwenda Mugumu, inayopita Nyamwaga na Nyamongo kisha kuvuka Mto Mara, utaona mashamba ya mahindi, mihogo na ulezi yamepanda hadi mabegani mwa vilima. Miti mingi utakayoiona imepandwa na watu: mikaratusi kwa ajili ya nguzo, miembe na migomba karibu na nyumba. Kisha, juu ya kilima au penye chemchemi, unaweza kukuta kipande cha msitu mnene. Miti yake mikubwa imeshonana, na shamba la jirani limekomea ukingoni mwake. Hakuna seng'enge, hakuna bango, hakuna askari. Uliza kwa nini hapo hapajalimwa, na mara nyingi utajibiwa kwa ufupi kwamba pale pana wenyewe.

Wenyewe ni nani? Mgeni akisikia jibu hilo hudhani ameelewa: watu wanaogopa mizimu, kwa hiyo hawakati miti. Si uongo, ila ni nusu ya jibu, na ni ile nusu iliyo rahisi. Wenye msitu ni wafu pamoja na walio hai, yaani kundi la watu wanaojulikana, wenye zamu, madaraka na wajibu. Msitu wa mila hulindwa na watu waliojipanga. Imani huwapa sababu ya kulinda, na mpangilio wao huwapa nguvu ya kufanya hivyo. Ukilishika wazo hili moja, utaelewa jinsi misitu hii ilivyoishi karne nyingi bila mshahara wa mtu yeyote, na utaelewa pia kwa nini leo baadhi yake inakwisha mbele ya macho ya watu ambao bado wanaiheshimu.

Msitu wa mila ni nini

Tuanze na maneno matatu. Msitu wa mila ni eneo lenye miti au vichaka ambalo matumizi yake yanaongozwa na miko ya jamii. Mwiko ni katazo ambalo adhabu yake huaminika kumpata mkosaji au jamaa zake hata kama hakuna aliyemwona: ugonjwa, mifugo kufa, mvua kukataa, uzazi kukatika. Tambiko ni tendo la kuwaomba wahenga au kuwaridhisha, kwa kawaida kwa sadaka ya kinywaji, nafaka au mnyama. Maneno haya utayakuta kila mahali katika somo hili.

Usitarajie ukubwa. Misitu mingi ya mila ni midogo, na mingine ni miti michache tu inayozunguka mwamba au kisima. Tunaweza kuigawa katika aina nne, ingawa mahali pamoja panaweza kuwa na zaidi ya aina moja.

Aina ya kwanza ni mahame na makaburi. Ukoo ulipohama, boma liliachwa, vichaka vikalifunika, na miti ikaota kwenye udongo ulioshiba samadi ya ng'ombe. Ikiwa aliyezikwa hapo alikuwa mtu mzito, tuseme mleta mvua, mwonaji au mwanzilishi wa ukoo, pakageuka mahali pa kutambikia. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wengi, kwa hiyo lishike mapema: baadhi ya misitu tunayoiona kuwa ya asili imeota juu ya makazi ya watu.

Ya pili ni chemchemi na mabwawa, ambako miti haikatwi na maji hayachezewi. Ya tatu ni vilima na miamba. Huko Ikizu, magharibi ya Wilaya ya Serengeti, Mlima Chamuriho umebeba jina la Muriho, ambaye simulizi za Waikizu humtaja kuwa ndiye aliyeitwaa nchi ile kwa nguvu ya dawa zake. Ya nne ni maeneo ya faragha ambako wazee hukutana au ambako shughuli za jando hufanyika.

Pengine umewahi kupita kando ya msitu wa namna hii bila kujua. Walioenda Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo wamefika karibu na msitu wa Muhunda, unaoitwa kwa jina la mlinzi wa Wazanaki wa Butiama. Husimuliwa kwamba mlinzi huyo hujitokeza kwa umbo la mnyama.

Kwa Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme, wenyeji wa Wilaya ya Serengeti, neno utakalolisikia ni erisambwa, na wingi wake emisambwa. Hutaja roho ya nchi, ambayo mara nyingi ni ya mhenga mwenye nguvu, na hutaja pia mahali inapokaa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye aliishi mkoani Mara na kuzungumza na wazee wengi katika miaka ya 1990, ameieleza nchi hii ya emisambwa kwa kirefu katika kitabu chake *Imagining Serengeti* cha mwaka 2007. Erisambwa si lazima iwe msitu. Waikoma wanayo Machaba, jozi ya pembe za ndovu ambazo simulizi zao husema walipewa na mwonaji wa kabila la Watatoga walipokwenda kuomba msaada. Hili likusaidie kuona kwamba msitu ni sehemu ya mtandao mpana wa vitu na mahali vinavyowafunga watu na nchi yao.

Wenyewe ni nani

Sasa tuingie kwenye kiini. Kati ya Wakuria, ambao ndio wengi Tarime na wako pia Serengeti na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, watu hugawanyika katika makundi makubwa yaitwayo ibiaro. Moja huitwa ikiaro. Kwa Kiswahili tumezoea kuyaita koo, ingawa kila ikiaro lina eneo lake na ndani yake mna koo ndogo nyingi. Wanyabasi, Wairege, Watimbaru, Wanyamongo, Wakira na Wasweta ni baadhi yake.

Kila ikiaro lina inchama, yaani baraza la siri la wazee. Siri hiyo ni ya kweli: wajumbe hawatangazwi na vikao havina kumbukumbu zilizoandikwa. Kazi yake ni kuangalia afya ya ikiaro zima: mvua, maradhi, vita, na msimu wa jando kufunguliwa au kuahirishwa. Mahali patakatifu pa ikiaro ni sehemu ya dhamana hiyo.

Kando ya inchama kuna utaratibu wa vizazi. Kila Mkuria huzaliwa ndani ya irikora, yaani rika la kizazi, na haliombi wala halichagui, kwani hufuata la baba yake. Makora yako manane katika pande mbili. Upande mmoja una Abasai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Upande wa pili una Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma. Mtoto wa Msai ni Mnyambureti, mjukuu wake ni Mgamunyere, kitukuu ni Mmaina, na mzunguko unaanza upya. Ukiyasoma mara ya kwanza yanachanganya, na hilo lisikutie hofu. Chora duara kwenye karatasi, andika majina manne, kisha weka familia moja unayoifahamu juu yake. Baada ya muda utaona kwamba duara hilo linakwambia nani amheshimu nani, nani akae wapi penye sherehe, na nani ana haki ya kuongoza tambiko.

Upande wa Serengeti marika yana kazi nyingine ya kuvutia. Kwa Waikoma na jirani zao, rika lililoshika zamu hutembea kuizunguka nchi yake ili kuiponya na kuikinga. Tendo hilo huitwa kukerera, na dawa ya kuizungushia nchi huitwa orokoba. Tafakari maana yake kwa mtaalamu wa misitu: hawa ni watu wanaoukagua mpaka wao kwa miguu, kizazi baada ya kizazi, na vijana hujifunza majina ya vilima, vijito na miti mikubwa kwa kuvipitia.

Ili uone mpangilio huu ukifanya kazi, chukua mfano wa kijana anayehitaji nguzo za zizi. Anaingia msituni alfajiri, anakata mti mmoja na kuukokota hadi nyumbani. Hajaonwa na mtu, lakini mti mbichi huacha ushahidi: kisiki cheupe kinachotoa utomvu, majani yaliyolala njia nzima, na nguzo yenye gome lisilofanana na la mti wowote wa shambani. Mchungaji anaona kisiki. Jioni habari iko kwa mjomba, kesho yake iko kwa wazee. Kijana anaitwa, na baba yake anaitwa pamoja naye, kwa sababu kosa limeuangukia mji mzima. Wanaagizwa mbuzi au kondoo na pombe ya ulezi, na wale wenye haki ya kuingia msituni wanakwenda kusafisha palipochafuliwa. Taratibu za kila ikiaro hutofautiana, lakini umbo la jambo ndilo hilo.

Sasa jiulize ni nani aliyefanya kazi katika mfano huo. Mizimu bado haijamgusa mtu. Waliofanya kazi ni mchungaji mwenye macho, mjomba mwenye ulimi, baba mwenye aibu, na wazee wenye madaraka. Na mtoto akiugua mwezi ujao katika mji ule, kila mtu atajua kisa cha kukumbuka. Hofu na mpangilio vinasaidiana, na kimoja kikipungua kingine hubeba mzigo mzito zaidi.

Usianze kwa kuuliza wanaamini nini

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Wanakwenda kijijini na dodoso lenye swali kwamba je, unaamini kuwa msitu huu una mizimu, ndiyo au hapana. Mzee wa kanisa atasema hapana, na mwezi ujao atachanga fedha za kondoo wa tambiko. Mtafiti ataandika kwamba watu wanajipinga.

Hawajipingi. Swali ndilo lililokosewa. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel wa Uingereza, aliyeandika juu ya makora ya Wakuria mwaka 1962 na juu ya dini na jamii yao mwaka 1965, alichapisha mwaka 1982 makala mashuhuri kuhusu imani katika Ukristo. Hoja yake ni kwamba kuiweka imani ya moyoni katikati ya dini ni jambo lenye historia yake ndani ya Ukristo, na haifai kudhani kwamba kila dini duniani imejengwa hivyo. Si ajabu kwamba hoja hiyo ilitoka kwa mtu aliyeishi na Wakuria. Mila yao huuliza umefanya nini, kwa zamu ya nani, na kwa ruhusa ya nani. Mtu anaweza kuwa na mashaka mengi moyoni na bado akatimiza wajibu wake kwa msitu, kama ambavyo anatimiza wajibu wake msibani bila kuulizwa anaamini nini kuhusu kifo.

Kwa hiyo uliza kuhusu matendo. Nani huingia? Nani hazuiwi kuokota kuni kavu? Mara ya mwisho tambiko lilifanyika lini, na nani alichinja? Akifa huyo, nani atashika nafasi yake? Majibu ya maswali haya yatakupa picha ya taasisi, yaani utaratibu wa kudumu wenye watu, kanuni na adhabu.

Jamaa wa mbali na wa karibu

Mara haiko peke yake. Nchini Nigeria, Wayoruba wa Osogbo wanao msitu mtakatifu wa Osun, mungu wa kike wa mto. Katikati ya karne iliyopita vihekalu vyake vilikuwa vikichakaa. Mchoraji na mchongaji Susanne Wenger kutoka Austria, aliyefika Nigeria mwaka 1950 na baadaye kuingizwa katika dini ya Wayoruba, alishirikiana na mafundi wenyeji kuvijenga upya. Mwaka 1965 sehemu ya msitu ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2005 UNESCO ikauandika katika Urithi wa Dunia. Wayoruba pia huuogopa na kuuheshimu mti wa iroko, wakisema unakaliwa na roho. Sisi mti huohuo tunaujua vizuri, ndio mvule.

Kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya kuna kaya za Wamijikenda, misitu iliyoota kuzunguka makazi ya kale yenye maboma. Nayo iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mahame yaliyogeuka msitu, unayakumbuka? Ni hadithi ileile ya aina yetu ya kwanza.

Ndani ya Tanzania, watafiti Mgumia na Oba walilinganisha misitu ya matambiko ya Wanyamwezi na hifadhi ya serikali ya Urumwa, Tabora. Katika makala yao ya mwaka 2003 walionyesha kwamba misitu ile midogo ilikuwa na aina nyingi zaidi za miti kuliko hifadhi. Matokeo kama hayo ndiyo yaliyowafanya wataalamu wa bayoanuwai, yaani wingi na utofauti wa viumbe hai wa mahali, waanze kuwasikiliza wazee wa matambiko kwa makini.

Mabadiliko hayakuanza jana

Mgeni hupenda kudhani kwamba zamani mila ilikuwa imara na leo imevurugika. Historia ya Mara haikubaliani naye. Mwishoni mwa karne ya 19, njaa, ndui, sotoka ya ng'ombe na uvamizi viliwapunguza na kuwatawanya watu wa magharibi ya Serengeti. Vichaka vikarudi palipolimwa, na mbung'o wakarudi na vichaka. Katika dhiki hiyo watu walijipanga upya: marika ya Abasaai, Abongirate na Abarumarancha yakawa msingi wa makazi, kila rika na sehemu yake ya nchi. Mila ikabadilika ili watu waendelee kuishi. Waishenyi waliiacha nchi yao ya Nyeberekera katika misukosuko ya zama hizo, na leo mahali hapo pako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Kisha mabadiliko yalikuja kwa tabaka. Wakoloni walikata mpaka katikati ya Wakuria, wakaweka machifu wa kukusanya kodi ambao madaraka yao hayakutoka kwa inchama. Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll wakaingia Musoma mwaka 1946. Walioongoka walifundishwa kwamba matambiko ni giza, na wachache walionyesha wongofu wao kwa kuingia palipokatazwa na kutoka salama. Mwaka 1951 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mwaka 1994 yakafuata mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek ya mwaka 1959 iliwazoesha walimwengu kuiona Serengeti kama nyika isiyo na watu. Kwa Mwikoma au Mwishenyi, ndani ya nyika hiyo mna makaburi ya babu zake. Mwiko wa wazee ulimkataza kukata mti, lakini haukumkataza kwenda kuomba. Sheria ya hifadhi ilimkataza yote mawili.

Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilikusanya watu waliokuwa wametawanyika. Shule na zahanati zikasogea karibu, na mahame na makaburi yakabaki mbali. Jambo zito zaidi kwa somo letu ni kwamba koo tofauti ziliwekwa kijiji kimoja chini ya mwenyekiti mmoja. Ghafla msitu wa ukoo fulani ukawa jirani ya mtu asiye na rika linalomfunga na msitu huo.

Ongeza uchumi. Kwenye milima ya Tarime hulimwa kahawa ya arabika. Nyamongo kuna dhahabu, na mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Wachimbaji wadogo nao wanahitaji matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta za mashimo. Miji inataka mkaa. Watu wa Mkoa wa Mara walikuwa takriban milioni 1.7 katika sensa ya 2012, na zaidi ya milioni 2.3 katika sensa ya 2022. Kijana asiye na shamba anapoutazama msitu wa babu zake, anaona pia ekari isiyolimwa.

Angalia sasa jinsi wazo letu la mwanzo linavyotufaa. Ukidhani msitu hulindwa na hofu pekee, utatafuta chanzo cha uharibifu katika mioyo ya vijana na kuwalaumu kwa kuacha mila. Ukitazama mpangilio, utaona mchungaji yuko shule, mjomba amehamia Mwanza, baba hawezi kuagizwa mbuzi kwa sababu mwanawe anajitegemea, na mzee mwenye haki ya kusafisha msitu amefariki bila kurithisha. Hofu inaweza kuwapo bado. Mikono iliyoitekeleza miko ndiyo iliyopungua.

Tahadhari mbili

Ya kwanza: usiwageuze wazee kuwa maofisa wa mazingira. Hawakuweka miko ili kulinda aina za ndege au kupunguza hewa ukaa. Walitaka mvua inyeshe, wanawake wazae, mifugo ipone na maadui wakae mbali. Uhifadhi ulikuja kama matokeo. Profesa Jafari Kideghesho, aliyeitafiti Serengeti kwa miaka mingi, ameandika juu ya mchango ambao miko na desturi vinaweza kutoa katika kulinda wanyama na makazi yao, na pia juu ya nguvu zinazoudhoofisha. Soma pande zote mbili za hoja hiyo.

Ya pili ni ngumu zaidi, na mwalimu anayeificha hakutendei haki. Taasisi ileile inayolinda msitu ndiyo iliyopanga pia misimu ya ukeketaji wa wasichana, tendo ambalo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imelifanya kuwa jinai kwa walio chini ya miaka 18. Masanga na Mugumu kuna vituo vinavyowahifadhi wasichana wanaolikimbia. Tunasema mwacha mila ni mtumwa, lakini msichana aliyetembea usiku hadi Masanga ana haki ya kuuliza ni mila ipi. Kusoma mfumo kwa uaminifu ni kuutazama mzima: kinachofaa kulindwa ndani yake, na kinachopaswa kukoma. Jamii iliyobadilisha marika yake katika dhiki ya karne ya 19 inaweza kuchagua tena.

Mwiko na sheria ndogo

Leo msitu wa mila unaweza kupata kinga ya serikali bila kuwa mali ya serikali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila juu ya ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuunda kamati na kutunga sheria ndogo, yaani kanuni za kijiji zenye nguvu ya kisheria. Hata maji yana kinga ya kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa. Na kila mwaka tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kwa kupokezana, kwa ajili ya mto unaoanzia milima ya Mau na kuishia Ziwa Viktoria.

Je, mambo yamekwisha? Hasha, hapa ndipo utafiti mpya unapoanza. Msitu wa kijiji unahitaji ramani, mipaka iliyopimwa, kamati iliyochaguliwa na muhtasari wa kikao unaoweza kusomwa na yeyote. Inchama haina muhtasari. Mahali pengine patakatifu hupata nguvu kwa kutotajwa hadharani. Mkutano mkuu wa kijiji humpa kura mwanamke, kijana na mhamiaji, ambao mila haikuwapa sauti juu ya msitu. Faini ya kijiji huingia kwenye stakabadhi. Kondoo wa tambiko huliwa na watu waliokaa pamoja na kupatana. Kamati inaweza kumtoza kijana fedha na kumwacha na hasira, au wazee wakamsamehe jambo ambalo sheria inasema ni kosa.

Nionavyo, msitu utakuwa na nafasi nzuri ya kuendelea pale ambapo kamati ya kijiji na wazee wa msitu wanafahamiana, wanagawana kazi, na kila upande unajua mwisho wa madaraka yake. Hoja hiyo inahitaji kupimwa msitu kwa msitu, na ndiyo sababu ninakualika.

Pa kuanzia

Anza na msitu mmoja, ikiwezekana karibu na kwenu. Kabla ya kuukaribia, jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa wazee, na usichanganye ruhusa hizo mbili: ya kwanza inakuruhusu kufanya utafiti, ya pili inakuruhusu kukanyaga. Ukiambiwa komea hapa, komea. Usipige picha ya kitu ulichoombwa usikipige, na usichapishe mahali pa siri kwenye ramani kwa kuwa tu simu yako inaweza kupima. Zungumza na wanawake wanaotafuta kuni na wachungaji, kwa sababu wao huujua ukingo wa msitu kuliko wote. Kisha andika majina mawili: la mtu mwenye haki ya kutambika hapo leo, na la mtu atakayemrithi.

Jina la pili likikosekana, usiandike bado kwamba mila imekufa. Rudi uulize ni nani angeweza kuipokea kazi hiyo, kwa masharti gani, na nani anamzuia. Huenda ni binti aliyesoma misitu Chuo Kikuu cha Sokoine, huenda ni mjumbe wa kamati ya kijiji, huenda ni mjukuu anayechimba dhahabu Nyamongo. Maswali hayo bado hayajaulizwa vya kutosha katika Tarime na Serengeti, na wazee wanaoweza kukusaidia kuyajibu wanapungua kila mwaka. Fanya haraka kwenda, na ukifika usiwe na haraka.